Chungu Kimoja cha Alhamisi: Mwalimu Damiani Chilongani Anaondoka Mgungani

Mwalimu Damiani Chilongani anastaafu Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, siku anayotimiza miaka sitini. Amekuwa mwalimu kwa miaka thelathini na minne, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ameimalizia hapa hapa Sekondari ya Mgungani, Itigi. Sherehe ya kumuaga tunaifanya Alhamisi, tarehe 12. Kwa nini Alhamisi na si Jumamosi yenyewe, msomaji atalijua mbele, na akishalijua atakuwa amemjua mtu huyu nusu nzima.

Kamati ya maandalizi iliniomba niandike wasifu mfupi, wa heshima, usio na mashambulizi. Kwenye heshima nimejitahidi. Kwenye mashambulizi sikuahidi kitu. Mimi ni Mnyamwezi, yeye ni Mgogo wa Kilimatinde. Babu zetu walikuwa watani kabla reli haijafika huku, na mtani anayesifu bila kuchokoza ni shahidi wa uongo. Kamati ililijua hilo iliponichagua, kwa hiyo isianze kulalamika kwenye aya ya pili.

Alianza kazi mwaka 1991 huko Sepuka, akahamia kwetu mwaka 1996 na baiskeli, godoro na mwiko wa kusongea ugali. Mwiko ule upo hadi leo. Amefundisha Kilimo na Biolojia kwa namna ambayo wanafunzi hawaisahau hata wakitaka, kwa kuwa kila somo alilifundishia shambani, jua likiwa utosini. Bweni la wasichana lina tangi la maji kwa sababu ya shamba la alizeti alilolianzisha yeye na kulipalilia na madarasa ambayo yalimchukia wakati huo na yanampigia simu sasa. Mara mbili aliombwa awe mkuu wa shule, mara mbili akakataa. Mara ya pili nilimfuata ofisini kumgombeza. Nilimwambia shule zinaharibika kwa sababu watu wenye akili wanakimbia madaraka na kuwaachia wanaoyapenda. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mtani, mkuu wa shule hana muda wa kukoroga." Alikuwa na maharage jikoni. Aliondoka kwenda kuyaangalia, na mimi nikabaki na hoja zangu zote mkononi.

Hivyo ndivyo anavyogombana. Nimesoma vitabu vingi kuliko inavyonifaa, na nimebishana na maafisa elimu, mapadri, masheikh na wagombea udiwani. Hakuna aliyenichosha kama Damiani.

Chukua burudani yake. Watu wengine wakipumzika hufuga njiwa au hucheza bao. Yeye hutengeneza redio. Nasema hutengeneza kwa kuwa ndilo neno analolitumia. Redio ikiingia nyumbani kwake ikiwa inakoroma, hutoka ikiwa safi kabisa, inashika stesheni moja tu, na stesheni yenyewe anaichagua yeye. Redio yangu imekaa miaka sita ikitangaza kwaya na bei za mazao. Nilipoirudisha, aliigeuza, akaipuliza, akaniuliza kwa upole, "Kwani bei za mazao zina ubaya gani?"

Chukua na vichekesho vyake. Husimulia kichekesho, husubiri kidogo, halafu hukieleza. Akishakieleza huuliza kama umekielewa. Ukisema ndiyo, hukueleza tena ili ahakikishe. Wanafunzi walikuwa wakicheka maelezo, naye kwa miaka yote hii ameamini wanacheka kichekesho. Walimu wapya tulikuwa tunawaonya: ukimwona anatabasamu kabla ya kusema, chukua chaki uende darasani hata kama huna kipindi.

Kwenye siasa ndipo nilipopata shida zaidi. Mimi naamini mtu mzima lazima aseme anasimama wapi. Yeye hajawahi kumwambia mtu amempigia nani kura, hata mkewe, Mama Eliana. Nikimbana husema, "Mwanasiasa ni kama mlenda. Ukimshika anateleza, ukimwachia anakuchafulia shati." Kisha, bila shaka, hueleza mlenda ni nini. Lakini nakumbuka mwaka mmoja wa uchaguzi wa serikali za mitaa, walimu wawili wa vyama tofauti waliacha kusalimiana. Meza zao zilikuwa zinatazamana, na wao wakawa wanatazama dari. Mimi nilipendekeza mdahalo. Damiani aliwaita jikoni siku ya chungu, yaani chakula chetu cha pamoja, akawapa ubao mmoja na kikapu cha vitunguu. Wakakata. Baada ya muda mmoja alikuwa anafuta machozi kwa kiganja, mwenzake akamwambia, "Tumia leso yangu, wewe, utajitia kitunguu machoni ushindwe hata kuhesabu kura." Wakacheka wote wawili. Mdahalo wangu haukufanyika, na sikupendezwa.

Sasa nifike kwenye chungu, maana ndicho kilichotufikisha hapa.

Damiani anapika. Kwa mwanamume wa umri wake, wa huku kwetu, hilo lilikuwa jambo la kuchekwa, na alichekwa sana. Ugali wake wa uwele ni mgumu kiasi kwamba ukiuangusha utaihofia sakafu. Viungo vya paketi huviita unga wa baruti. Kuku wa kienyeji humchemsha kwa muda ambao mwingine angemaliza kujenga banda la kuku mwingine. Anapika huku anahutubia: kwa nini chumvi huja mwisho, kwa nini mlenda haufunikwi, kwa nini mtu anayeonja mara tatu hajui anachokipika. Mama Eliana ametuthibitishia kwamba nyumbani hajawahi kukoroga hata uji. Heshima hiyo ameiweka kwa ajili yetu peke yetu.

Yeye ndiye aliyeanzisha chakula cha pamoja cha walimu, mara moja kwa mwezi. Siku ilichaguliwa kwa ubishi ambao ungetosha kuandika katiba. Ijumaa Waislamu wako msikitini mchana, na Wakatoliki wengine hawali nyama. Jumamosi ni ya Wasabato, hawawashi moto. Jumapili ni ya kanisa. Jumatatu kuna kikao. Jumanne na Jumatano ni siku za gulio na zamu. Tukabaki na Alhamisi, na Damiani akatangaza kwa furaha kwamba Alhamisi ni siku isiyo na mwenyewe.

Kumbe ilikuwa nayo. Mwaka huo chungu kilipoanza, alihamia kwetu Ustadhi Idirisa Njiku, mwalimu wa Jiografia, kijana wa Ikungi, mwenye adabu kupita kiasi. Alhamisi yake ya kwanza alikaribishwa chakula, akasema amefunga. Kufunga Alhamisi ni sunna, sote tukaridhika. Mwezi uliofuata amefunga. Wa tatu, amefunga. Damiani alianza kumtolea mfano kwenye mahubiri ya jumuiya yake ndogo ndogo: tazameni kijana yule wa Kiislamu, anavyojinyima.

Basi Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Damiani alikwenda stesheni ya reli kupokea mzigo, akamkuta mfungaji wake nyuma ya kibanda cha mama muuza chai, ana kitumbua mkononi na kingine shavuni. Yule kijana hakukimbia. Alimeza, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Damiani akaitikia marahaba. Wakatazamana. Kisha Idirisa akasema maneno ambayo tumeyarudia hapa shuleni tangu siku hiyo: "Mwalimu, njaa ninayo. Kuku ndiye sina hakika naye."

Ilikuwa kweli. Kuku wetu alikuwa anachinjwa na yeyote aliyekuwa na kisu na nafasi. Hakuna aliyefikiria. Tulikuwa tumehesabu siku za wiki kama mawakili, tukasahau shingo ya kuku. Na yule kijana, badala ya kutuaibisha, alikuwa ameamua kujiaibisha mwenyewe kwa Mungu kila mwezi.

Mimi, kama kawaida yangu, niliandaa hoja. Nilitaka kikao kuhusu haki za dhamiri. Damiani hakuitisha kikao. Mwezi uliofuata alitoka nyumbani na kuku wawili wakiwa hai, amewafunga kwenye usukani wa baiskeli vichwa chini, akapitia kwa Mzee Athumani, mlinzi wetu wa getini, ambaye ndiye aliyekuwa anaadhini katika msikiti wa karibu. Mzee Athumani akachinja. Damiani akapika. Idirisa akala, akaomba aongezewe, na Damiani akamwambia mbele ya watu wote, "Leo sunna imekushinda?" Kisha akaueleza utani huo kuanzia mwanzo.

Tangu siku hiyo hakuna kuku aliyeingia jikoni mwetu bila kupitia kwa Mzee Athumani. Wakristo wamekula kuku huyo Krismasi, Wasabato wamemla, na wapo wasioamini kitu waliomla kwa bidii kuliko wote. Idirisa akifunga kwelikweli, fungu lake hufunikwa na kupelekwa kwake jioni. Huo ndio mchango mkubwa wa Mwalimu Chilongani katika utumishi wa umma. Hauko kwenye ripoti yoyote ya ukaguzi.

Mzee Athumani alifariki mwaka jana. Mungu amrehemu. Chungu kikalala miezi kadhaa, kila mtu akisubiri mwingine aulize. Na hapo katikati, simu zikafanya kazi yake. Kila mwalimu sasa ana mhubiri wake mfukoni. Huyu wa Dar es Salaam anakataza, yule wa nchi jirani anakataza zaidi, na kundi letu la WhatsApp, lililoanzishwa kwa ajili ya ratiba za mitihani, likajaa video za watu wasioijua Itigi wakitufundisha nani tusile naye. Nimebishana nao hadi betri zikaisha. Mtu ambaye amekula na mwenzake ugali mmoja miaka kumi na tano anatumiwa video ya dakika mbili na kuanza kumtazama mwenzake kama mgeni!

Kisha ikaja kamati ya sherehe hii. Mwenyekiti ni makamu mkuu wetu, Mwalimu Melkiori, mtu mwema, mwoga wa lawama kama kuku wa mvua. Kamati ilikaa, ikachagua keki ya kutoka Singida Mjini, ikachagua fulana, ikachagua rangi ya vitambaa, kisha ikaamua kwamba chakula kitapikwa vyungu viwili, chini ya maturubai mawili. Kimoja cha Waislamu, kimoja cha wengine. Vikaandikwa A na B, eti isionekane ubaguzi.

Nilisimama kwenye kikao. Nilisema maneno ambayo kamati imeniomba nisiyachapishe. Melkiori akanijibu, "Mwalimu Rebeka, mimi sina ugomvi na mtu. Nataka tu siku ipite salama." Nikamgeukia Idirisa, ambaye siku hizi ni mkuu wa taaluma, ana ndevu zenye mvi. Nikamwambia, "Na wewe? Wewe wa kitumbua?" Aliinamisha kichwa. Akasema, "Kuepusha maneno, Mwalimu. Sikuombwa kuchinja, na mimi sikujitolea." Sijawahi kukasirika kiasi hicho na mtu niliyempenda.

Habari zilimfikia Damiani siku hiyo hiyo. Itigi haina siri, ina kuchelewa kidogo tu. Hakupiga kelele. Alimtuma mwanawe, Eliana, na salamu kwa mwenyekiti: "Kama chakula ni vyungu viwili, mwambieni Melkiori anigawe na mimi vipande viwili, maana nilikuwa nakula pamoja nao wote." Melkiori alicheka. Alidhani ni kichekesho. Lakini safari hii Damiani hakukieleza, na hapo ndipo nilipoogopa. Jioni Eliana alituambia wazi: baba hatakuja. Atafika ofisini kukabidhi funguo za stoo ya kilimo, atasaini, ataondoka na baiskeli yake.

Fikiria hilo. Mtu ametumikia hadi siku ya mwisho, keki imeagizwa na jina lake juu, na kiti chake kitakuwa kitupu kwa sababu tumeshindwa kukaa chini ya turubai moja kwa muda wa kula paja la kuku. Kamati ikaanza kuzungumza habari ya mgeni rasmi kuwasilisha zawadi "kwa niaba". Kwa niaba ya nani? Mtu anaagwa akiwepo.

Hapa nieleze kosa la kamati, kwa kuwa ndilo lililotuokoa. Shule ina sufuria kubwa moja tu, ile ile ya Alhamisi. Kwa chungu cha pili, wajumbe walikuwa wameshakwenda kimya kimya, kabla habari hazijavuja, kuazima sufuria ya Mama Eliana, aliyopewa siku ya harusi yake. Naam. Walikwenda kuazima kwa mstaafu chombo cha kumkosesha sherehe yake. Mama Eliana, asiyejua, akawapa na mfuniko. Wakaiweka stoo ya shule.

Sasa, sufuria ya Mama Eliana ni mali ya nyumba ya Chilongani, na nyumba ya Chilongani ni watani zangu. Kila aliyelelewa vizuri anajua sheria. Mtani akishika mali ya mtani wake penye shughuli, iwe ni kitanda, mbuzi au kinu, hakuna anayemnyang'anya na hakuna anayetafuta nyingine kuziba pengo. Hugombolewa. Hufanyika hivyo hata misibani, mbele ya maiti, na wenye msiba hucheka.

Jana Jumanne nikaenda stoo. Nikamsalimia mwenye funguo, nikaibeba sufuria kichwani, nikapita nayo mbele ya ofisi ya Melkiori polepole, ili asije akasema hakuona. Alitoka mlangoni. "Mwalimu Rebeka, hiyo unaipeleka wapi?" Nikamwambia, "Nimeikamata." Melkiori ni Mnyaturu, amezika wazazi wake huku watani wakiwa makaburini wakipiga kelele za fidia. Anajua hapa hakuna pa kukata rufaa. Alichosema ni, "Basi gharama yake ni nini?" Nikamwambia nitaitangaza kwenye wasifu.

Kisha nikaenda kwa Idirisa, na huko sikuwa na utani wa kunisaidia. Yeye si mtani wangu, ni ndugu yangu tu wa kazi. Nilimkuta anasahihisha. Nikamwambia chungu sasa ni kimoja, Mzee Athumani hayupo, na kuku hawawezi kujichinja. Nikanyamaza, jambo ambalo hunigharimu. Alifunga daftari. Alikaa akitazama dirishani, upande wa stesheni. Mwisho akasema, "Waleteni kwangu Alhamisi asubuhi. Nitachinja mwenyewe." Nilipofika mlangoni akaniita. "Na mwambie Mwalimu, Alhamisi hii sifungi."

Sikumpigia Damiani simu. Alipiga yeye, usiku wa jana, kwa simu ya mkewe. Kwanza alizungumza Mama Eliana. "Mtani, wewe mwizi, sufuria yangu ya harusi iko wapi?" Nikamwambia ipo uvunguni mwa kitanda changu, salama, na hairudi bila kugombolewa. Nikasikia sauti nyuma yake inauliza kuna nini. Mama Eliana akaeleza. Nikampa na salamu za Idirisa, naye akazifikisha. Kisha Damiani akaichukua simu.

"Mtani," akasema. "Ukiikamata ya pili, inabaki moja."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ikibaki moja, Melkiori hana pa kupikia kingine."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umeelewa kinachochekesha?"

Nilimwambia nimeelewa. Akanieleza tena kuanzia mwanzo, kutoka kwenye sufuria ya harusi hadi uvunguni, bila kuruka kitu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sikuangalia saa. Alipomaliza akasema nimwachie mwiko wake mahali pa wazi, maana hataki mtu mwingine amharibie kuku kwa unga wa baruti.

Basi ratiba ndiyo hiyo. Turubai ni moja. Mstaafu atajipikia mwenyewe, kinyume na ushauri wa kamati, na atahutubia kuhusu chumvi. Sufuria ya pili iko kwangu. Bei ya kuigomboa nimeiandika hapa kama nilivyoahidi, nayo ni hii: kila mfanyakazi wa Mgungani ale Alhamisi hii kutoka kwenye chungu kimoja, akae karibu na mtu ambaye amekuwa akimkwepa kwenye kundi la WhatsApp, na simu ziwe mfukoni. Atakayeshindwa atanikuta, na mimi sina upole wa Damiani.

Mwalimu Chilongani, kwa niaba ya walimu, watumishi na wanafunzi wa Mgungani, tunakushukuru kwa alizeti, kwa tangi la maji, kwa vitunguu na kwa kila kuku. Redio yangu ije uitazame tena, sasa utakuwa na nafasi. Nenda Kilimatinde ukapumzike na Mama Eliana, umkorogee hata uji, Mungu akupe afya na mvua za kutosha. Na kila Alhamisi ya chungu ukumbuke kwamba fungu lako limefunikwa. Ukichelewa, mtani wako atalila.

Mwl. Rebeka Mihayo
Idara ya Historia, Sekondari ya Mgungani